Re: Nina laki tatu, nianze biashara gani ya mtandaoni?

Habari mkuu. Umesema uko Mbagala, una laki tatu na simu nzuri, ila wazo hulioni. Usianze na tovuti. Mimi nilimlipa jamaa laki mbili na nusu anitengenezee, mteja wa kwanza akaja kupitia status ya WhatsApp!

Kwanza pekua magrupu uliyomo: watu wa mikoani wanaagiza nini Kariakoo, na wanalalamikia nini? Kwangu ilikuwa vioo vya simu. Mafundi walikuwa wanatumiwa vioo visivyo vya modeli waliyoagiza. Nikawa naenda dukani, napiga picha namba ya modeli, namtumia fundi. Akikubali analipa kwa M-Pesa, ndipo napeleka mzigo kwenye basi. Gharama ya basi itaje mapema, ugomvi huanzia hapo. Kama utachagua nguo, mimi sijawahi kuuza, wengine watakusaidia.