Muulize Fundi: Bodi Kachora Mwenzio, Unataka Kuibadilisha

Swali. Shikamoo Fundi. Rafiki yangu amenipa faili za KiCad (programu ya kuchora bodi za saketi) za swichi ya taa inayojiwasha giza likiingia. Ina sensa ya mwanga, mikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) ya miguu minane, transista moja ya BC547 na relei ya volti 5 (swichi inayovutwa na koili ya umeme). Mimi nilikuwa na transista ya 2N3904 mkononi nikaitumia badala ya BC547, na nilitaka kuongeza kitufe cha kuwasha kwa mkono. Nikafungua faili ya bodi, nikafuta njia mbili tatu na kuchora zangu. Programu ikanionyesha makosa 31, nikayapuuza, nikatengeneza bodi. Sasa relei haivuti. Halafu kuna kapasita kadogo karibu na mikrokontrola kananibania nafasi ya kitufe: naweza kukasogeza? — *Mchoma Vidole*

Jibu. Marahaba mwanangu. Jina ulilojipa linaonyesha hii si bodi yako ya kwanza.

Tuanze na relei, maana hapo dawa ni ya dakika tano. Shika BC547 ubapa wake ukikutazama, miguu ikiangalia chini. Kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Shika 2N3904 vivyo hivyo: emita, besi, kolekta. Besi iko katikati kwa zote mbili, ndiyo maana transista yako imeingia kwenye matundu bila ubishi, lakini imekaa kinyume. Transista iliyogeuzwa hivyo haifi papo hapo. Inafanya kazi, ila kwa uvivu wa ajabu: ukuzaji wake unaporomoka kutoka makumi au mamia hadi namba ndogo sana. Koili ya relei ndogo ya volti 5 mara nyingi ina omu 70 hivi, yaani inataka miliampea 70 na ushee. Koili haizipati. Ing'oe transista, izungushe nusu duara, irudishe. Ubapa wake hautalingana tena na picha iliyochapwa juu ya bodi. Acha picha iseme uongo, wewe fuata miguu.

Hata hivyo, transista ni dalili tu. Ugonjwa ni kwamba ulianza kuezeka kabla ya kupima msingi. Katika KiCad, na karibu katika kila programu ya namna hii, kuna mchoro wa saketi na kuna bodi. Mchoro ndio unaosema nani ameunganishwa na nani. Bodi inasema kila mmoja anakaa wapi. Ukifuta njia kwenye bodi peke yake, mchoro bado unaamini muunganiko upo, na yale makosa 31 ni mchoro unakulalamikia. Nina hakika sita au saba kati yake ndiyo ya kweli, mengine ni mwangwi wake. Lakini ukipuuza yote, utayajuaje yale sita?

Safari ijayo fungua mchoro kwanza. Usifute alama ya transista ukaweka mpya. Iache ilipo, uibadilishe iwe 2N3904. Sababu ni kwamba kila alama ina kitambulisho kilichojificha kinachoifunga na mwenzake kwenye bodi. Ukiifuta, bodi inamwona mgeni na kukutupia kifaa kipya pembeni, hakijapangwa. Ongeza kitufe na rezista yake, kisha nenda kwenye bodi ubonyeze F8, ili bodi ipokee mabadiliko ya mchoro. Utaona nyuzi nyembamba zimejitokeza kutoka pedi hadi pedi (vile vipande vya shaba vya kulehemia miguu): hizo ndizo kazi zilizobaki. Ukiizungusha transista kwa kubonyeza R mara mbili itaruka upande, kwa sababu mhimili wake uko kwenye pini ya kwanza na si katikati. Isogeze irudi mahali pake. Ukimaliza bonyeza B ili uwanda wa shaba wa graundi (upande wa volti sifuri) ujaze upya, ndipo uendeshe ukaguzi wa makosa. Watu wengi husahau hiyo B, kisha hushangaa graundi yao imekatika.

Sasa kapasita. Hapo nina kisa.

Miaka kadhaa iliyopita nilichukua mchoro wa mtu mwingine, nao ulikuwa na relei na mikrokontrola. Kulikuwa na kapasita ya nanofaradi 100 imebanana na miguu ya umeme ya aisii (yaani chipu, hapa ni mikrokontrola yenyewe). Nilikuwa nataka nafasi ya soketi, nikaona: si inaunganisha volti 5 na graundi? Na volti 5 si ni ileile popote? Nikaihamishia ukingoni, sentimita nne mbali. Ukaguzi haukutoa hata kosa moja. Bodi ikawaka vizuri. Kisha kila relei ilipobofya, programu ilianza upya kana kwamba mtu amezima na kuwasha. Nilikesha usiku mbili nikitafuta kosa kwenye msimbo. Nilibadilisha hata aisii.

Mchoro haukuwa na kosa, wala msimbo. Mikrokontrola hunywa umeme kwa mafunda ya ghafla, kila funda ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Kapasita ile ni kibuyu kilichowekwa mdomoni pake. Ukikipeleka sentimita nne mbali, ile njia ndefu ya shaba yenyewe inapinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo, na volti zinashuka kabla kibuyu hakijafika. Relei nayo inapobofya huvuruga umeme wa jirani zake wote. Usiku wa tatu nililehemu kapasita ya namna ileile chini ya bodi, moja kwa moja kwenye miguu ya aisii. Ugonjwa ukaisha, na nikajiona mjinga kwa wiki nzima.

Kwa hiyo hapana, usikasogeze. Sogeza kitufe. Kitufe hakijali, waya wake unaweza kuzunguka bodi nzima na bado kikafanya kazi. Na ukikuta bodi yenye kristali (kifaa kinachoipa mikrokontrola mapigo ya saa), na vikapasita viwili vya pikofaradi 22 au karibu na hapo ubavuni mwake, hao watatu pia waache walivyokaa na aisii yao. Diodi inayolala sambamba na koili ya relei ibaki karibu na relei. Taa za kuonyesha, soketi, vitufe na rezista nyingi za kawaida, hamisha upendavyo.

Jambo moja la hatari. Hukusema relei inawasha taa ya umeme wa aina gani. Kama ni wa ukutani, upande huo usiuguse mpaka umepima nafasi kati yake na upande wa volti 5. Mimi sishuki chini ya milimita 8, na uwanda wa graundi nauondoa kabisa eneo hilo. Unene wa njia nao usiupunguze ili kupitisha kitufe. Kwa shaba ya kawaida ya mikromita 35, majedwali hutoa kama milimita 0.3 kwa ampea moja ikiwa unakubali njia ipande joto nyuzi 10. Ukifika ampea mbili ni karibu milimita 0.8, maana hesabu yake haiendi kwa kuzidisha mbili tu. Mimi upande wa taa naweka milimita 3 na silali nikiwaza.

Swali. Fundi, bodi ninayoitaka imetolewa kama faili za Gerber tu, pamoja na picha. Nataka kubadilisha soketi ya umeme na kusogeza matundu ya skrubu. Je, naweza kuzihariri? — *Dada wa Waya*

Jibu. Dada, unaweza, lakini utajuta. Faili ya Gerber ni picha ya kumwongoza mtambo: hapa weka duara, hapa buruta mstari. Muundo huo ulianza mwaka 1980, na kazi yake haikuwa kukumbuka kwamba duara lile ni mguu wa transista. GerbView, inayokuja pamoja na KiCad, inaweza kuzipeleka faili hizo kwenye kihariri cha bodi, ila utapata shaba tupu isiyo na majina. Kusogeza tundu la skrubu hapo ni sawa. Kubadilisha soketi pia, kama una subira na unahesabu njia kwa kidole. Zaidi ya hapo, chora mchoro upya.

Kwa bodi ya vifaa ishirini ni kazi ya jioni moja. Weka picha nyuma ya kihariri. KiCad inaruhusu tangu toleo la 7. Picha ya upande wa chini igeuze kwanza kama inavyoonekana kwenye kioo. Kupata kipimo, tumia aisii yenye miguu ya kupenya bodi: kati ya mguu na mguu ni milimita 2.54. Usidhani lakini kwamba kila kitu kinafuata hatua hiyo. Kwenye Arduino Uno, nafasi kati ya pini 7 na pini 8 ni milimita 4.06, na bodi nyingi za kupachika juu yake zimekwisha kuufuata upotovu huo. Kwa hiyo pima kila soketi kivyake. Na kabla ya yote, mwandikie mwenye bodi umwombe faili za asili. Mara nyingi anazo, ila hakufikiri kuna atakayezitaka. Ukipata, soma leseni: baadhi zinakutaka utoe na yako wazi vilevile.

Swali. Natengeneza bodi nyumbani: nimehamisha wino wa mchoro kutoka karatasi hadi kwenye shaba kwa pasi, nimeondoa shaba isiyotakiwa, nimetoboa, kila kitu safi. Aisii ya miguu 14 haikubali: mguu wa 1 uko mahali pa 14. Nitupe bodi? — *Msomaji aliyechoka*

Jibu. Usitupe. Umegeuza picha mara moja zaidi ya inavyotakiwa. Shaba ya chini huonekana kwenye programu kana kwamba unaitazama kupitia bodi, kwa hiyo ichape ilivyo bila kugeuza. Pasi ndiyo inayoigeuza. Andika neno lolote kwenye tabaka hilo la shaba: kwenye karatasi lisomeke kinyume, kwenye bodi lisomeke sawasawa. Kwa hiyo uliyokwisha itoboa, lehemu aisii upande wa shaba badala ya upande wa juu, na vifaa vingine vyenye miguu mitatu au zaidi vifanye vivyo hivyo. Rezista hazijali.