Samaki si ufagio: majibu ya wiki hii

Barua zinazouliza "samaki gani anasafisha tangi" zimekuwa nyingi mno. Najibu moja kwa niaba ya zote, na nisiulizwe tena.

Shikamoo mzee. Nataka koridorasi mmoja, yule samaki mdogo wa sharubu anayekaa chini, wa kula uchafu kwenye tangi langu la lita 60. (Mwanga)

Marahaba. Usimnunue. Koridorasi hali kinyesi cha wenzake. Anakula chakula, kisha naye anakunya, kwa hiyo ukimwongeza umeongeza uchafu. Chukua mpira, nyonya maji ya chini, badilisha robo ya maji kila wiki. Halafu "mmoja"! Kwao, kwenye mito ya Amerika Kusini, samaki hawa hutembea kwa makundi. Ukimweka peke yake atajibanza nyuma ya jiwe, nawe utaniandikia kuwa anaumwa. Anzia sita wa aina moja. Kama fedha inatosha mmoja tu, subiri mshahara.

Kokoto zinafaa chini ya tangi? (Katubuka)

Hapana. Weka mchanga laini, uoshe mpaka maji yatoke meupe.

Wanapanda juu ghafla, wanavuta hewa, wanarudi chini. Wanakufa? (Gungu)

Ndivyo walivyo. Wanameza hewa na utumbo unafyonza oksijeni. Waachie nafasi kati ya maji na mfuniko. Ila wakipanda wote kila dakika, huku umeme umekatika tangu asubuhi na pampu imelala, hiyo si tabia tena. Badilisha maji.

Nilijaza maji ya bomba, nikaweka koridorasi sita siku hiyohiyo. Siku ya tatu wamebaki wawili. Muuzaji kanipa wagonjwa? (Ujiji)

Muuzaji mwache. Maji yetu ya mjini Kigoma yanatoka ziwani, na pH (kipimo cha uchachu wa maji; 7 ni katikati) ya Tanganyika inakaribia 9. Koridorasi anapenda maji laini, yasiyo na madini mengi, pH karibu na 7. Lakini kilichowaua haraka hivyo nadhani ni amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe, na hapa wengi hawaelewi. Kwenye maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Yaani kosa ambalo mtu wa maji laini anasamehewa, wewe wa Ujiji unazika samaki. Tangi jipya halina bakteria wa kuila hiyo amonia. Acha maji yazunguke kwenye chujio mwezi mzima, ukitia chakula kidogo kidogo ili bakteria hao wazaliane, ndipo uweke samaki. Maji ya bomba yakeshe kwenye ndoo klorini itoke. Kinga maji ya mvua uchanganye, ila mvua ya kwanza ioshe bati kwanza.

Ningekuwa wewe nisingehangaika na wageni wa Amazon. Tuna gogogo wetu wa ziwani, nao wana sharubu, ambao watu wa Ulaya wanawalipia fedha nyingi. Yule mdogo wa mawe, petricola, hufika sentimita 10 hivi, anapenda kundi, na maji haya ndiyo yake. Ila usije ukamnunua ndugu yake multipunctatus ukidhani ni yeye, kama unafuga sikilidi (jamaa wa perege) wanaoatamia mdomoni: huyo hutaga katikati ya mayai yao, mama anayabeba yote kinywani, na vitoto vya gogogo vikitangulia kuanguliwa vinakula watoto wa mwenye nyumba.

Nimechoka na koridorasi. Niwaachie ziwani? (Kibirizi)

Usithubutu. Mpe jirani.

Nimeweka kitoto cha kambale wa Malagarasi pamoja nao, maana wote wana sharubu. (Bangwe)

Nyumba ya kambale kweli, kila mtu na sharubu zake! Huyo hupita mita moja. Atawameza wenzake, na miiba yao itamkwama kooni, wafe wote. Mtoe leo. Akikua, anafaa ugali.