Ametorokea Kolwezi na kodi ya miezi mitano, sasa anadai garanti yake

SWALI

Jambo Yaya. Niko Katuba, hapa Lubumbashi, ni mjane, na ndani ya lupango (kiwanja) yetu kuna nyumba ndogo ya nyuma: saluni (sebule) na vyumba viwili. Niliipangisha kwa kijana mmoja na mke wake, dola 80 kwa mwezi, garanti (pesa ya amana) ya miezi mitatu. Mwaka wa kwanza hakukuwa na neno. Halafu kazi yake ya mgodini ikasimama, akaanza: "Mama, univumilie." Nimevumilia miezi mitano. Jumapili moja nimetoka kanisani nikakuta mlango wazi. Wamebeba kila kitu isipokuwa friji, godoro na begi la vitabu vya mtoto. Kitasa kimeng'olewa, soketi tatu zimetolewa ukutani, choo kimeziba, sakafu ya saluni imepasuka pale walipokuwa wanaweka mbabula (jiko la makaa). Rangi nayo imechakaa. Nasikia yuko Kolwezi. Wiki iliyopita akanipigia simu, nikadhani anaomba msamaha, kumbe anadai garanti yake, dola 240! Mtoto wa dada yangu anasema tuuze friji, kisha tuchukue polisi twende kwa dada ya huyo kijana, anakaa Kenya. Nifanye nini?

Mama wa Katuba

JIBU

Mama, ile simu imenichekesha, unisamehe. (Na wasomaji wa mbali wasishtuke: Kenya ni komini, yaani mtaa wa mji, hapa kwetu Lubumbashi, dada mtu hajavuka mpaka.)

Lakini kijana hajakosa kabisa. Garanti ni pesa yake, wewe ulikuwa umeishika tu. Shida ni kwamba ameshaila mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, akilala ndani ya nyumba yako. Chukua karatasi. Miezi 5 mara dola 80 ni 400. Toa 240. Anabaki na deni la 160, na hapo hatujagusa hata soketi moja. Mwandikie hesabu hiyo kwa ujumbe wa simu leo, bila tusi, na ujumbe usiufute. Nimeona wengi waliokuwa wakipiga kelele za garanti wakanyamaza wakishaziona namba zimepangwa.

Nikikuambia ukweli, hasara yako kubwa haikuanza ile Jumapili. Sheria yetu ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ile inayohusu nyumba za kukaa, inasema garanti haizidi kodi ya miezi mitatu. Kwa hiyo mwezi wa tatu usiolipwa ulipokwisha, mkononi mwako hapakuwa na kitu tena. Mwezi wa nne na wa tano ulimkopesha kwa imani tupu, na ukarabati wote ukakosa pa kutoka. Ungemwita mwisho wa mwezi wa pili, mkaandikiana, zingekuwa zimebaki dola 80 za kumlipa fundi. Najua kwa nini hukumwita. Mtu amepoteza kazi, mtoto wake anacheza mlangoni pako, utaanzia wapi? Hata mimi ningeona haya.

Tuje kwenye uharibifu. Rangi iondoe kwenye orodha. Mtu amekaa karibu mwaka na nusu na mtoto ndani, ukuta lazima uchafuke, na uchakavu wa kawaida ni mzigo wa mwenye nyumba. Ukiidai rangi, atakayewasuluhisha ataona unataka kujengewa nyumba upya, na hata madai yako ya kweli yatapungua uzito.

Sakafu ni yake, kama ilikuwa nzima alipoingia. Umeme ukikatika watu wanaingiza mbabula ndani, wanapika bukari (ugali) pale pale, sima (saruji) inapata moto sehemu moja na kupasuka. Huyo mpangaji ajaye mwambie siku ya kwanza: mbabula nje. Si kwa ajili ya sakafu tu. Hewa ya makala (makaa) ndani ya chumba kilichofungwa inaua watu wamelala.

Kitasa na soketi, uliza kwanza moyoni mwako: vilikuwa vyako? Kuna mpangaji anayenunua kitasa chake kwa kuogopa funguo za aliyemtangulia, na akihama anaondoka nacho. Kama ni chake, alitakiwa kurudisha kile cha zamani, basi. Choo kina siri yake. Fundi akifungua, usiwe mbali, uone anavuta nini. Akitoa kitambaa au chupa, ni deni la kijana. Akikuambia fosi (shimo la choo) imejaa, Mama, hiyo ni yako, na usimtume fundi aseme vingine.

Kabla fundi hajagusa kitu, piga picha. Mwite shefu wa avenyu na majirani wawili, muandike orodha ya yaliyoharibika na ya vitu vilivyoachwa, kila mmoja asaini. Risiti za fundi uzitunze. Hukuniambia kama mliandika hali ya nyumba siku anaingia, ile wanayoita eta de lie. Kama hamkuandika, hao majirani ndio watakaosema sakafu ilikuwaje.

Friji usiuze. Hapa naongea nikiwa na kovu. Mpangaji wangu wa Kamalondo, mshonaji, alitoroka akaniacha na cherehani yake. Alikuwa na deni la dola 50. Niliuza cherehani 60, nikajiona mjanja. Baada ya miezi miwili akarudi na kaka zake wawili na risiti ya dola 180. Nilimlipa 130 kidogo kidogo, mimi niliyekuwa nadai, na kwenye avenyu yetu bado kuna watu wananiita Muuza Cherehani. Vitu vya mtu haviuzwi bila amri ya tribunali (mahakama). Viweke kwenye kona ya nyumba yako kubwa, kazi ya fundi na mpangaji mpya visisubiri friji. Kila mwezi nyumba ikikaa tupu unapoteza 80 nyingine.

Polisi pia mwache alipo. Deni la kodi si wizi, na dada mtu hakusaini chochote kwako. Mtoto wa dada yako ana nguvu nyingi, mpe kazi ya kubeba sima.

Njia yenyewe inapitia ofisi ya habitat, ile ya serikali inayoshughulikia makazi. Sheria hiyo ya 2015 inataka ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji upite kwanza pale kwa ajili ya mapatano. Mkishindwana, au akikataa kuja, wanaandika prosè-verbale (karatasi ya kumbukumbu), na hiyo ndiyo unayokwenda nayo tribunali de pe (mahakama ya amani). Peleka mkataba, hesabu ya miezi, orodha, picha na risiti. Je, ufike mpaka tribunali? Kolwezi ni kama kilomita 300 kutoka hapa, na mtu asiye na kazi hata hukumu haimtoi pesa. Mimi ningefika habitat, nikapata karatasi yangu, na nikaishia hapo mpaka nisikie ameajiriwa tena.

Halafu kuna friji. Usimwambie "hutaipata". Mwambie vitu vyake vipo salama, aje kuvichukua mbele ya shefu wa avenyu, siku ataichagua mwenyewe. Akija mtakuwa meza moja, karatasi ya deni iko pale. Akikubali kulipa dola 20 kwa mwezi, zikubali, muandike, shefu asaini.

Begi la vitabu lisingoje siku hiyo. Lipeleke kesho kwa dada mtu Kenya, wewe mwenyewe, asubuhi, ili mtoto atumiwe kwa basi la kwanza.