Nguzo za mbele ya duka: zege la ndani ya bomba halizuii gari

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nina duka la dawa hapa Kijenge, Arusha, mahali barabara inapoteremka na magari yanageuzia mbele ya mlango wangu. Juzi Noah iliyokuwa inaegeshwa ilipanda kibarazani ikavunja meza ya jirani yangu anayeuza matunda. Fundi wa kuchomelea ananishauri tuweke nguzo 4 za bomba, zifungwe kwa bolti juu ya pevingi, halafu ajaze zege ndani ya bomba. Anasema hata Fuso haitapita, na kwamba kuchimba chini ni kupoteza hela. Je, zitatosha?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hazitatosha, na huyo fundi usimpe hata hela ya bomba kwa sasa.

Haya maneno ya "nimejaza zege ndani" nakutana nayo kila mara, kuanzia Sakina hadi Usa River, na yananikera kwa sababu yana nusu ya ukweli. Zege la ndani lina kazi moja: kuzuia bomba lisibonyee pale bampa linapogonga. Halina uwezo wowote wa kuzuia nguzo isilale. Kinachoishikilia nguzo isimame ni kile kilichoko chini ya ardhi, na ndicho fundi wako anachotaka kukiruka.

Chukua hiyo hiyo Noah. Ikiwa na watu inafika kama tani 2. Ikija kwa kilomita 20 tu kwa saa, mwendo wa dereva aliyekanyaga mafuta akidhani ni breki, na ikasimama ndani ya nusu mita, inaisukuma nguzo kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 6 hivi. Nguvu hiyo inatua karibu nusu mita juu ya ardhi, kwa hiyo inataka kuipindua nguzo kwa nyuma. Kama kitako ni kipande cha bati chenye bolti 4 zilizoachana sentimita 15, zile mbili za upande wa barabara zinavutwa juu kwa tani 10 hivi kila moja. Sasa zimeshika nini? Kitofali cha pevingi chenye unene wa sentimita 6, kilicholala juu ya mchanga. Hata mkono wenye mtaimbo unakitoa.

Nimewahi kuokota nguzo ya namna hiyo mtaroni, mbele ya duka moja mjini, baada ya pikapu kuigonga ikirudi nyuma. Bolti zilikuwa nzima kabisa, hata nyuzi hazijakwaruzika, na mbili bado zilikuwa zimevaa vipande vya pevingi. Bomba lilikuwa jembamba, la kutengenezea reli za ngazi. Nilipoligonga kwa nyundo, mchanga mkavu ukaanza kumwagika kwa chini: lile "zege" halikuwa na simenti ya kutosha, wala halikuwahi kumwagiliwa maji. Kwa juu lakini lilipakwa rangi nyeusi na njano, likapendeza.

Kuhusu Fuso, huo ni uongo. Fuso ya tani 10 kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa kisheria kwenye makazi, inabeba nishati zaidi ya mara 30 ya ile Noah yako. Mwendo ukiwa mara mbili, nishati inakuwa mara nne, na hapo watu wengi wanapotea kwa sababu wanaangalia uzito tu. Marekani wana kipimo cha nguzo za mbele ya maduka: gari la kilo 2,270 linagongeshwa kwa kilomita 16, 32 au 48 kwa saa. Nguzo za kuzuia malori ya kushambulia majengo zina kipimo chake kingine, kinachofika hadi malori mazito, na misingi yake ni kazi kubwa ya zege na nondo. Kwa hiyo mtu akikuambia nguzo yake "inazuia gari", muulize gari la kilo ngapi, likija kwa mwendo gani.

Kwa duka lako, tatizo halisi ni magari yanayoegesha na kugeuza, na hilo linazuilika. Tumia bomba la chuma la inchi 6, lenye ukuta wa milimita 7 hivi. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina mita 1.2. Bomba lizame chini sentimita 90 na libaki mita 1 juu, ili dereva anayerudi nyuma alione. Zungushia nondo, mimina zege la moja kwa mbili kwa nne (simenti, mchanga, kokoto) lililochanganywa vizuri, limwagilie wiki nzima, na usiruhusu mtu aegemeze gari hapo kabla ya siku 28. Udongo ukiwa mweusi wa mbuga, ule unaovimba na kupasuka, mwite mhandisi aje aone shimo, maana vipimo hivi havitatosha. Kati ya nguzo na nguzo acha nafasi isiyozidi mita 1.2, la sivyo gari dogo litajaribu kupenya, na isipungue sentimita 90, mteja mwenye kiti cha magurudumu apite. Minyororo ya kuunganisha nguzo sitaki hata kuisikia. Asiyeona na mtoto anayekimbia wote wataangukia hapo.

Kabla ya kuchimba, hakikisha uko ndani ya kiwanja chako. Hifadhi ya barabara si yako: barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa chini ya TARURA, nao ndio wanaotoa kibali. Uliza pia bomba la maji na nyaya za umeme zinapita wapi. Shimo likikutana na bomba la maji, usipunguze kina kimyakimya. Nguzo zote 4 zinaweza kufungwa kwenye msingi mmoja mpana wenye wavu wa nondo, lakini huo uchorwe na mhandisi.

Kinachonitia hofu kuliko vyote ni watu wanaosimama nyuma ya nguzo hizi. Jirani yako akishaziona atasogeza meza ya matunda pale pale, akiamini amekingwa. Wanafunzi watasubiri daladala hapo. Nguzo ya bolti inawaweka mahali ambapo bila nguzo wasingethubutu kukaa, na ikigongwa inang'oka na kuwarukia yenyewe. Mawe makubwa yaliyopakwa chokaa na matairi yaliyojazwa zege ni yale yale: yamekaa juu ya ardhi tu, gari likiyapiga yanatangulia mbele yake. Wengine wanayapanga katikati ya njia ya miguu kuzuia bodaboda, na mama mwenye mtoto mgongoni analazimika kushuka barabarani.

Wenye maduka wote mnaojenga msimu huu, dai kuona shimo likiwa wazi, lipime kwa futi, piga picha nondo zikiwa ndani, ndipo zege limwagwe. Fundi aliyemaliza kazi usiku ukakuta asubuhi rangi inang'aa, mwambie achimbue nguzo moja mbele yako kabla ya kumlipa salio.