Barua kwa mwanangu: kumvua besi kwa dola 60

Bukavu, Muhumba

Mama yangu,

Ujumbe wako wa sauti umefika, nikausikiliza na mama yako pembeni. Unasema wenzako wa kiwandani hapo Bowling Green, Kentucky, wanakwenda kumvua besi siku za mapumziko, nawe unataka kuwafuata pamoja na watoto. Mmoja wao amekuambia kwamba bila mashua na fimbo ya dola 200 utakuwa unaogesha minyoo tu, samaki hupati. Una dola 60, fedha ya kibali cha kuvua umeiweka kando, na unauliza ununue nini na samaki huyo anavuliwaje.

Huyo mwenzako amekutisha bure. Besi ni samaki wa ukingoni. Hafukuzi windo katikati ya ziwa siku nzima. Hujibanza kwenye kivuli, chini ya gogo, ndani ya magugu, chini ya gati la mbao, akingoja kitu kipite karibu. Huku Kivu hayuko, lakini mimi namjua kutoka Naivasha, kule Kenya, miaka ile ya themanini nilipokuwa nikiwapigia kasia wageni waliokuja kumvua. Hata Naivasha alikuwa mhamiaji: walimtia ziwani mwaka 1929, na asili yake ni huko Marekani uliko. Basi mchana kutwa kazi yangu ilikuwa kuweka mtumbwi vizuri na kutazama mikono ya watu. Mwenye masanduku matatu ya chambo na mwenye chambo nne mfukoni wote walitupa palepale, ukingoni mwa mafunjo. Tofauti niliyoiona ni kwamba mwenye masanduku alikuwa akifungua na kufunga vifuniko wakati mwenzake ana ndoano majini.

Sasa fedha. Kwa bei ulizonitajia, fimbo pamoja na rili yake, yaani kile kigurudumu cha kukunjia uzi, isizidi dola 30. Chukua ya nguvu ya wastani, ya futi sita na nusu hivi, yaani karibu mita 2. Rili iwe ile inayoning'inia chini ya fimbo, yenye waya unaoufungua kwa kidole kabla ya kutupa. Ile nyingine inayokaa juu ya fimbo, wanayoisifu mabingwa, iache: mikono ambayo haijazoea huifanyia uzi kiota, na utatumia asubuhi nzima kufumua mafundo mbele ya watoto.

Ukiipata ya mtumba, kama hao majirani wanaouza vitu uani mwao, ni bora zaidi, ila uikague. Zungusha mpini wa rili ukiwa umeisogeza sikioni; ikisaga, rudisha. Kisha pitisha pamba kidogo ndani ya kila pete ya fimbo. Nyuzi za pamba zikinasa, pete hiyo ina ufa, na ufa usioonekana kwa macho utakata uzi siku samaki mkubwa atakapovuta.

Kwenye uzi usibane mkono. Uzi uliokuja ndani ya rili ya bei nafuu huwa umekaa miezi mingi dukani. Unawakumbuka wale wanaouza nailoni soko la Kadutu, roli zimeanikwa juani tangu asubuhi? Jua huua nailoni. Uzi huonekana mzima, ukiuvuta kwa ghafla unakatika. Nunua roli mpya ya nailoni ya kawaida, ya paundi 8 au 10, yaani uzito inaoweza kuhimili bila kukatika, na uiweke mahali penye giza. Hizo nyuzi za kusokotwa na nyingine za bei mbaya zinafaa kazi fulani, ila hazitakuongezea samaki mwaka huu. Ujaze rili mpaka ibaki nafasi ndogo tu kwenye ukingo wake, kwa sababu uzi ukiwa kidogo haurukii mbali.

Zinazobaki: pakiti ya ndoano zenye shingo iliyopinda, za namba 3/0, pakiti moja ya minyoo ya plastiki, na chubwi ndogo zenye umbo la risasi, tundu katikati. Rangi ya minyoo isikusumbue. Maji masafi, chukua kijani kibichi kilichofifia. Maji ya matope, chukua nyeusi. Hesabu yangu inakuachia chenji ya koleo ndogo ya kutolea ndoano. Tupa la kunolea nadhani unalo jikoni. Ndoano ichomwe kwenye ukucha wa dole gumba: ikikwama, ni kali, ikiteleza, inolewe.

Fundo nakueleza polepole, maana hapa ndipo samaki wengi hupotea. Kunja ncha ya uzi iwe mbili, urefu wa shubiri. Pitisha mkunjo huo kwenye jicho la ndoano. Funga fundo la kawaida kwa uzi huohuo wa mbili, lakini usilikaze. Ndoano inabaki inaning'inia katikati. Sasa chukua kile kitanzi kilichobaki, kipitishe juu ya ndoano nzima mpaka kiivuke. Lowesha kwa mate, kisha vuta nyuzi zote taratibu. Mate si ushirikina: nailoni kavu ikikazwa hupata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo. Kata kinachozidi, vuta kwa nguvu, ukiona shaka fungua uanze upya.

Kabla ya kufunga, uwe umepitisha chubwi kwenye uzi, ncha nyembamba ikitazama juu. Kisha mnyoo: ingiza ncha ya ndoano katikati ya kichwa, nusu sentimita, uitoe ubavuni. Sukuma mnyoo mpaka kichwa kifike kwenye jicho la ndoano, ugeuze ndoano, na uzamishe ncha tena mwilini, ijifiche. Mnyoo ukining'inia ulionyooka umefaulu. Ukiwa umejikunja, utazunguka majini na kusokota uzi wote. Kwa namna hii unaweza kutupa katikati ya matawi na magugu bila kunasa kila mara, na huko ndiko besi aliko. Mahali pasipo na magugu, ondoa chubwi, choma mnyoo mnene katikati ya kiuno, uache ncha mbili zikicheza zenyewe ukizama. Ni uvivu mtupu, na unavua.

Breki ya rili, ile inayoachia uzi samaki akivuta kwa nguvu, pia irekebishwe nyumbani. Jaza chupa maji lita moja, ifunge kwenye uzi, uinue kwa fimbo. Breki iiinue chupa kwa shida, na ukiitikisa kidogo iachie uzi. Kwa uzi wa paundi 10 hapo panatosha.

Ukifika kwenye maji, usikimbilie ukingo. Vua kwanza maji yaliyo miguuni pako, ukiwa umesimama nyuma kidogo, kivuli chako kisianguke ziwani. Nimewaona wageni wakitupa mbali kwa nguvu zao zote huku samaki wakiwa chini ya mtumbwi. Tupa sambamba na ufuko badala ya kutupa katikati, ili chambo ipite muda mrefu penye samaki. Acha mnyoo uzame mpaka uzi ulegee. Ngoja. Inua ncha ya fimbo polepole, shusha, kunja uzi uliolegea, ngoja tena.

Na tazama uzi, mama. Sato wetu anadonoa, unamsikia mkononi. Besi anafungua mdomo mkubwa na kuvuta maji pamoja na chambo, na mara nyingi dalili pekee ni uzi kuanza kwenda pembeni, au kusimama kabla haujafika chini. Ukiona hivyo, kunja uzi uliolegea, kisha vuta fimbo kwa mkupuo mmoja wa nguvu, kwa sababu ncha lazima ipenye plastiki kwanza ndipo ifike taya. Akiruka juu ya maji, shusha fimbo chini, uzi usilegee.

Saa yako ya kutoka kazini alfajiri ndiyo saa ya besi hasa wakati wa joto. Jua likipanda, tafuta vivuli. Masika, maji yakiwa kama nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, husogea maji mafupi kutaga, na dume hubaki akilinda kiota. Ukimnasa hapo mrudishe haraka, maana samaki wengine wanangoja aondoke wayale mayai. Kwenye baridi punguza mwendo mpaka uone unachelewa mno, kisha punguza tena.

Mwambie huyo mwenzako wa dola 200 habari za George Perry. Tarehe 2 Juni 1932, kule Georgia, alimvua besi wa paundi 22 na aunsi 4, kama kilo 10. Yeye na rafiki yake walikuwa wakipokezana fimbo moja. Samaki aliliwa nyumbani. Hiyo rekodi ya dunia ya besi mkubwa imesimama mpaka leo. Mwaka 2009 Mjapani mmoja ameifikia, basi.

Mnyoo uliochanika kichwani usitupe: kata kipande kilichoharibika, tumia uliobaki. Na ziwa la Barren River, uliloniambia hupunguzwa maji kwa ajili ya majira ya baridi, likishuka tembea ufukweni na watoto mkikagua visiki na matawi. Chambo za watu zitakuwa zimening'inia humo, nyingine za bei kuliko fimbo yako.

Kuhusu kula: kila ziwa lina kipimo chake cha samaki unayeruhusiwa kuchukua, kisome kabla ya kutia kitu ndoo. Besi ni mla samaki, kwa hiyo zebaki hujikusanya mwilini mwake, na mkubwa anayo zaidi. Watoto wadogo na wajawazito wale kwa nadra, kwa jinsi idara ya afya ya jimbo inavyoelekeza. Watoto wako hawajafika miaka 16, hawahitaji kibali, lakini wewe unahitaji, na mwaka wa kibali huko Kentucky huanza tarehe 1 Machi. Ukinunua Februari umelipia wiki chache tu. Ukitaka kujaribu kwanza, ngoja ile wikendi ya kwanza ya Juni wasipodai kibali.

Wadogo usiwape mnyoo wa plastiki, watachoka. Wape ufito, boya, ndoano ndogo na mnyoo wa kweli kutoka bustanini, wavue vile visamaki vya pembeni wakati wewe unatafuta besi.

Ukiwa dukani nipigie kwa video kabla hujalipa, nione hizo pete. Mama yako anasalimu, anauliza kama besi ana miiba mingi kama sambaza mkubwa, dagaa wetu wa Kivu. Mwambie ana michache, nyama yake nyeupe. Mimi nikimwambia haniamini.

Papa yako