Kidole cha baridi

SWALI: Shikamoo dada. Nahudumu kwenye gari la wagonjwa, Makambako. Mafunzo nilipata miaka 6 iliyopita, mengi yamenitoka. Juzi usiku kipimo cha oksijeni cha kidoleni kiligoma kwa majeruhi wa bodaboda. Nianzie wapi kujikumbusha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kipimo huenda ni kizima. Baridi yenu hiyo hubana mishipa ya vidole, na kupoteza damu vilevile. Anza na mtu, siyo mashine: anapumuaje, midomo ina rangi gani, damu inavuja wapi? Kandamiza jeraha, kisha blanketi haraka. Mwili ukipoa, damu huganda kwa shida. (Mimi huomba hata koti la dereva.) Na moyo ukisimama, kukandamiza kifua cha mtu mzima ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina sentimita 5 hadi 6. Hilo kalifanyie mazoezi kwenye mdoli, siyo daftarini.