Mtoto Wako Hajashindwa Kupuliza

Juzi dada mmoja kaniandikia kwamba mwanawe wa miaka minne kapelekwa kupimwa mapafu kwa kupuliza mrija wa mashine, kaambiwa hajui kupuliza, arudishwe akikua. Damu ilinichemka. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, tena mbele ya foleni nzima.

Wangu alikuwa kakaribia miaka sita. Kila kifua kikimbana usiku tunaambiwa nimonia, tunarudi na antibayotiki. Siku ya kipimo, mpimaji akamtia mrija mdomoni, akambana pua kwa kibanio, akamkaripia: "Puliza!" Mtoto akaangua kilio. "Mama, mwanao mkaidi." Hilo sijalisamehe na sidhani nitalisamehe.

Hospitali nyingine, kijana aliyetupokea alianza kupuliza yeye mwenyewe. Kibanio akampa mwanangu anibane mimi pua. Akacheka mpaka akasahau woga. Kwenye kompyuta ikaja keki yenye mishumaa. "Vuta, vuta, vuta… PULIZA! Bado, bado, bado, malizia!" Yule kijana alikuwa akichuchumaa na kuinuka kama anayeshangilia mpira. Mwanangu akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akavutishwa salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, kwa spesa, kile kichupa cha kuvutia dawa, tukasubiri kama robo saa, akarudia. Hewa anayotoa kwa sekunde ya kwanza ikaongezeka kupita ile asilimia 12 ambayo madaktari huitazama. Pumu. Nilitoka pale shingo juu, jamani, utadhani mtoto kafaulu mtihani wa taifa.

Sasa wazazi wenzangu, tusikubali watoto wetu waitwe wakaidi. Kipimo hiki kinategemea anayepima kuliko anayepimwa. Wapo wa miaka mitatu wanaokiweza wakielekezwa vizuri, ingawa mapafu yao madogo huweza kuishiwa hewa kabla hata sekunde haijatimia, kwa hiyo mjuzi husoma hewa ya nusu sekunde au ya robo tatu ya sekunde. Miongozo ya wataalamu wa Marekani na Ulaya kuhusu watoto hao ipo tangu 2007. Ipo pia mashine ambayo mtoto anapumua kawaida tu huku ameshikwa mashavu, ukibahatika kuipata.

Nyumbani mzoezeni. Mapovu ya sabuni ni mchezo mzuri ila yanafundisha kupuliza polepole. Kipimo kinataka nguvu ya ghafla, kisha kuendelea. Vipande vya karatasi mezani vinafaa zaidi: avute pumzi yote, avifagie mpaka vianguke.

Na usikubali tiba ingoje kipimo. Chini ya miaka mitano daktari makini huitambua pumu kwa historia: kikohozi cha usiku, mlio wa filimbi kifuani, pumu ya ukoo, nafuu baada ya dawa. Mrekodi kwa simu anavyohema usiku, umwoneshe.

Muulize daktari mapema lini usimamishe dawa ya kuvuta. Salbutamoli kwa kawaida ni muda wa saa nne kabla ya kipimo. Lakini mtoto akibanwa asubuhi hiyo, mpe dawa yake. Kipimo kitapangiwa siku nyingine.